Taa ya Njano Kwenye Gari la Shemeji

Tulimzika Bibi Filomena kijijini Mbingu, masika yakielekea ukingoni, na kesho yake Anjela, mtoto wa dada yangu, alinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa napeta mchele wa wageni. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa tangu makaburini. Alitaka kujua kwa nini mama yake alimlilia mama mkwe wake kuliko mashangazi, watoto wa kuzaliwa na marehemu, hadi ikabidi ashikwe na watu wawili. Anjela ni mtu mzima sasa, ana mume na watoto. Mwaka ninaousimulia hapa alikuwepo, ila alikuwa mdogo mno kukumbuka, ingawa nusura mwaka huo uondoke naye. Nilimweleza pale pale, ungo ukiwa mapajani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyarudia kichwani yale ambayo sikumwambia: vyumba vya nyumba ile, maneno yaliyovuka ukuta, na jinsi nilivyojikuta ndani ya kazi inayonilisha mpaka leo.

Mambo ya ukoo na tulikotoka nitayaacha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na dada yangu Skolastika, ambaye sote tulimwita Dada Skola, akaniita Ifakara nikamsaidie kazi za nyumbani kwa sababu alikuwa na mimba changa. Chumba nilichopewa kilikuwa pia ghala la mpunga. Magunia yalipangwa mpaka usawa wa dirisha, na nguo zangu zote zilinuka pumba, harufu ambayo hadi leo nikiisikia nahisi nina miaka ishirini. Nyumba haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia njiani, juu yake ni mabati matupu, kwa hiyo mtu akikohoa sebuleni nilimsikia kama yuko miguuni pangu. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu, mchana wali na kisamvu, na jioni, kama mchuuzi wa samaki kutoka Mofu amepita na baiskeli yake, tulikula samaki aina ya kitoga wa kuchemsha kwa ndimu. Shemeji Kosmasi, mume wa dada, aliuza mabati na misumari karibu na soko. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo, na kitu pekee alichojivunia waziwazi kilikuwa gari lake.

Lilikuwa lile gari la familia lenye safu tatu za viti na mlango wa kuteleza ubavuni, lililotumika Japani likaja kwetu likiwa bado na maandishi ya Kijapani kwenye vioo. Injini yake haikuwa mbele kama nilivyozoea kuona. Ilikaa chini ya viti vya mbele, na ukitaka kuitazama unainua kiti kama kifuniko cha sanduku. Safari ya kwanza niliyopanda niliona kwenye dashibodi kipande cha tepu nyeusi, kimebandikwa kwa uangalifu, kingo zake zimekatwa kwa mkasi. Niliuliza ni cha nini. Shemeji alicheka, akaniambia chini yake kuna taa ya njano yenye mchoro wa injini. Iliwahi kuwaka, akamleta kutoka Morogoro fundi mwenye mashine ya kupima magari, mashine ikasema kipimio kiitwacho sensa ya oksijeni ndicho kibovu. Akanunua nyingine, taa ikazimika, na baada ya safari chache ikarudi. "Gari linatembea," alisema. "Taa ni kelele tu." Jambo lile lilinikaa. Nilikuwa nimesoma kemia miaka miwili bila kuona inafaa nini nje ya karatasi ya mtihani, na sasa naambiwa kuna gari linalojali habari za oksijeni. Kwa nini lijali? Oksijeni ya wapi?

Karibu kila Jumapili baada ya misa tulikwenda Mbingu kwa Bibi Filomena, mama yake shemeji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mashamba ya mpunga aliyoyasimamia mwenyewe tangu afiwe na mume. Hakuwa mwepesi wa kusifu mtu. Ukimwamkia shikamoo alikuwa akikutazama kwanza, kana kwamba anachagua kama utapewa marahaba. Chakula chake, hata hivyo, kilikuwa kikubwa: wali wa mchele mpya, kuku aliyekaangwa, mlenda, na togwa kwenye kibuyu. Tulikula ukumbini kwenye mkeka, yeye akizunguka na kuongeza vyakula kwenye sahani za watu bila kuuliza. Na kila tulipotoka kule, Dada Skola aliugua. Kichwa kilimpasuka, tumbo likachafuka, akalala mpaka kesho yake. Anjela naye, aliyezoea kupakatwa na mama yake kwenye kiti cha mbele, alitapika na kulegea. Zahanati walimpima dada malaria mara kwa mara wasiione, wakasema ni mimba. Lakini Anjela hakuwa na mimba, na dada alilifikiria hilo kuliko watu wote.

Nilianza kuyasikia maneno yake juu ya ukuta, asubuhi mapema, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika. Kwanza aliuliza maswali tu. Mbona nyumbani kwetu hatuumwi? Mbona mama anatupakulia sahani zetu peke yake? Shemeji alijibu kwa upole kwamba mama yake anampakulia kila mtu. Baada ya wiki kadhaa maswali yakawa kauli. Siku moja alisema wazi kwamba kuna mtu hataki mimba ile ifike. Nilimsikia shemeji akivaa viatu, akatoka bila kunywa chai. Jumapili iliyofuata dada alibeba chakula chetu kwenye hotpoti, akasema daktari amemkataza mafuta. Bibi Filomena alikitazama kile chombo kikifunguliwa ukumbini kwake. Aliinua sahani mbili alizokuwa ameshapakua, ya dada na ya Anjela, akazirudisha jikoni, na hakutoka huko mpaka tulipoaga. Mimi nilikula sahani yangu yote, kwa aibu kuliko njaa, na tulipofika Ifakara kichwa kilinigonga kidogo tu. Dada na Anjela, ambao hawakuonja hata togwa, waliugua vilevile. Nilipomwambia dada hivyo aliniambia mambo ya namna ile hayahitaji kumezwa. Hata kukanyaga ua kunatosha.

Nikitazama nyuma, najua ningeweza kuamini kama yeye. Nilimpenda, na woga wa mtu unayempenda unaambukiza. Kilichonizuia kilikuwa udadisi, tena wa ubishi ubishi, wa mtu aliyetoka shule. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukitaka kujua kitu kinasababishwa na nini, kiondoe uone. Dada alikuwa amekiondoa chakula na ugonjwa haukuondoka. Sasa Mbingu yenyewe ingeondolewaje? Jibu lilikuja bila mtu kulitafuta. Tulialikwa harusi Kiberege, upande mwingine kabisa, njia ya Kidatu. Ilikuwa kiangazi, barabara bado ya vumbi jekundu, na kila lori la miwa lililotupita lilitufanya tufunge vioo mpaka juu. Shemeji peke yake aliacha chake wazi upana wa kiganja, kwa sababu alipenda kuegesha kiwiko pale. Mimi nilikaa nyuma kabisa, ambako kioo kilikuwa hakifungi vizuri. Mbele, dada alikuwa amejifunika khanga puani kwa ajili ya vumbi, Anjela amelala kifuani pake.

Tulipofika Kiberege ngoma zilikuwa zimeshaanza. Shemeji aliegesha, akazunguka kumpokea mtoto. Alimwita mara ya kwanza kwa utani, kisha akamwita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Anjela hakuamka. Mikono ilining'inia. Mashavu yake yalikuwa mekundu kwa namna iliyonishangaza, mekundu kama ya mtoto mwenye afya. Dada alijaribu kushuka, magoti yakamkatalia, akaketi chini vumbini na gauni lake la kuendea harusini. Nilimchukua mtoto nikakimbia naye kwenye uwazi, upepo unakotokea, nikampepea kwa pochi ya mtu, sijui ya nani. Kisha akavuta pumzi kubwa, akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Wanawake wa harusi walileta maji, mmoja akasema ni joto, mwingine akasema ni njaa. Mimi nilikuwa namtazama shemeji, aliyebaki amesimama kando ya mlango ulio wazi, na nikasema kilichokuwa kimenijia wakati nakimbia.

"Shemeji, huku hakuna Bibi."

Alinielewa mara moja. Aligeuka akalitazama gari lake. Hatukurudi nalo siku hiyo. Tulipanda basi, na yeye alilirudisha kesho yake peke yake, vioo vyote vimeshushwa, akafika mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Fundi aliyemwendea alikuwa mzee Mabula, Msukuma aliyekuja bondeni ujanani kufanya kazi ya matrekta kwenye mashamba ya miwa, kisha akafungua gereji yake Kibaoni. Dizeli aliijua kwa sikio. Magari yenye sensa hakuyapenda, na alilisema hilo kabla hata ya kuinua kiti. Niliomba kwenda pamoja na shemeji, na kwa kuwa nilikuwa nauliza maswali mengi mzee akaniambia basi nishike tochi nipate kazi. Ile gereji ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya udongo mweusi kwa oili, na meza moja iliyojaa makopo. Mzee alitaka injini iwashwe ikiwa imepoa kabisa, asubuhi. Alituamuru tunyamaze. Kulikuwa na mlio mdogo, tik tik tik, kama saa ya mezani, na injini ilipopata moto ukafifia ukapotea. Alisema hapo pana mahali panapumua, na kwamba mlio hupotea ila moshi haukomi. Aliizima, akachomeka mpira wa kompresa kwenye ekzosi huku nyuma, akaziba pembeni kwa matambara, akaniambia nipake povu la sabuni kwenye mabomba kuanzia kwenye injini, kama watu wanavyotafuta pancha. Nilipaka. Chini kabisa ya kiti cha dada yangu, pale bomba la kwanza la chuma linapotoka kwenye injini, povu lilichemka. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na juu yake mpira unaoziba kifuniko cha injini ulikuwa umekauka na kukatika. Moshi wote wa ufa ule ulikuwa unapanda moja kwa moja kwenye miguu ya mtu aliyekaa mbele na vioo vimefungwa, kama tulivyovifunga kila jioni tukirudi kutoka Mbingu kwa sababu ya mbu.

Sumu iliyomo kwenye moshi wa gari niliijua kwa jina na kwa fomula. Haina rangi wala harufu, inaing'ang'ania damu mahali pa oksijeni, na huwafanya watu wawe wekundu wakati wanakosa pumzi. Nilikuwa nimeiandika kwenye mtihani. Nilikaa chini juu ya tairi bovu, nikayakumbuka mashavu ya Anjela.

Mzee Mabula yeye alikuwa ametosheka. Ufa umeonekana, utachomelewa. Lakini mimi bado nilikuwa na swali langu la kwanza, na nililing'ang'ania mpaka naye likamwingia. Taa ilikuwa inasema nini? Sensa ile ilikuwa mbele yetu, kidude cha chuma kama plagi, kimechomekwa kwenye bomba hatua moja chini ya ufa, waya wake ukipanda kwenda kwenye kompyuta ya gari. Mzee aliazima mita yenye mshale kwa jirani aliyetengeneza redio, tukaibana kwenye ule waya, shemeji akawasha injini. Mshale ulilala chini, ukakataa kuinuka. Tulibishana nusu ya asubuhi, yeye kwa ujuzi wa injini, mimi kwa kemia yangu, kila mmoja akiwa na kipande asichokuwa nacho mwenzake. Mwisho tulifika. Kidude kile kinapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikibaki nyingi, mshale hulala, na kompyuta inajua petroli ni kidogo, inaongeza. Ikibaki kidogo, inapunguza, na ndiyo maana kwenye gari zima mshale hupanda na kushuka bila kutulia. Sasa ufa ulikuwa unatoa moshi na hapo hapo kunyonya hewa ya nje, kila injini inapopiga. Sensa ikawa inaonja hewa ya barabarani na kuripoti kwa uaminifu kwamba oksijeni ni nyingi. Kompyuta ikaongeza petroli, ikaongeza tena, na kadiri ilivyoongeza ndivyo sumu ilivyozidi kwenye moshi. Ilipoona haifiki popote, iliwasha taa.

"Kwa hiyo ile waliyoitoa haikuwa na kosa," mzee alisema polepole.

Shemeji alikuwa bado nayo kwenye kisanduku cha gari. Mzee alipasha moto lile bomba la chuma kwenye mkaa, akalichomelea taratibu, akalizika kwenye majivu lipoe lisipasuke tena, kazi ya siku nzima. Kesho yake alifunga gasketi mpya kwenye kiungo cha bomba na mpira mpya wa kifuniko, kisha akarudisha sensa ya zamani, tujue. Tulibana mita. Kwa muda mshale ulilala kama kawaida yake, kisha injini ilipopata moto ukatikisika, ukapanda, ukashuka, ukapanda, bila kukoma. Tulisimama watu watatu tumeinamia kimshale kile kama watu wanaotazama kifaranga anayetoka kwenye yai. Shemeji aliingia kwenye kiti chake, akaweka kucha kwenye ukingo wa tepu, akaibandua. Mzee alimwambia awe anaendesha siku kadhaa kabla ya kuamini. Taa iliwaka siku mbili zaidi, kisha ikazimika yenyewe.

Nimetengeneza magari mengi tangu hapo. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, watu walitarajia niende ualimu, lakini nilikwenda chuo cha ufundi kusomea umeme wa magari, na sasa nina gereji yangu Morogoro. Kila wiki anakuja mtu anataka taa ya njano izimwe. Namwambia tuanze kwa kutazama waya kama umeyeyuka, mabomba kama yanapumua, kama injini inakula oili na kuipaka sensa masizi, na kama kuna fundi aliyetoa masega yanayosafisha moshi ndani ya ekzosi ili gari liwe jepesi. Wengine hukasirika. Wengi hawana shida na taa yenyewe. Wana haraka, na hofu ya kuambiwa kitu kikubwa. Nawaelewa. Nimeishi kwenye nyumba ambamo kila mtu alikuwa na haraka ya jibu.

Gari lilipona kwa siku mbili, lakini mambo ya ukumbini Mbingu hayakupona hivyo. Shemeji alimweleza dada mwenyewe, jikoni, mimi nikiwa natwanga. Alimweleza kila kitu, hata tepu. Dada alisikiliza bila kuacha kukoroga mboga. Shemeji alipomaliza, dada aliuliza kama mtoto tumboni ameumia, na shemeji akasema watakwenda hospitali wakaulize. Walikwenda, wakaambiwa mapigo ya moyo ni mazuri, wasubiri. Dada alipoanza kulia jioni ile, sidhani alikuwa analilia mimba. Alikuwa anazirudia zile sahani mbili zilizorudishwa jikoni.

Tulikwenda Mbingu Jumapili iliyofuata, vioo wazi hata hivyo. Bibi Filomena alikuwa amekaa kizingitini anachambua dagaa, hakuwa amepika, kwa kuwa wiki zile tulikuwa hatumtembelei. Dada alipiga magoti, akamwamkia, akabaki chini pale. Alimweleza habari za ufa na moshi, kisha akamweleza na lile jingine, alilokuwa amelidhania, kwa maneno yake kamili. Shemeji alitazama pembeni. Nilidhani mama yule atanyanyuka aondoke.

"Nilijua," alisema Bibi Filomena. "Mtu habebi hotpoti kwa mama mkwe kwa sababu ya mafuta." Akaendelea kuchambua kidogo. "Ungeniuliza tu, Skola."

"Niliogopa utakavyonijibu, mama."

"Ningekujibu hapana. Ungeniamini?"

Dada alifikiri. Nakumbuka kwamba alifikiri kweli, hakukimbilia neno zuri. Alisema hapana, asingeamini. Bibi alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyepata jibu alilolitarajia na kuliheshimu, akamsogezea ungo wa dagaa, na wakachambua wote wawili. Hawakukumbatiana. Siku ile tuliondoka bila kula.

Mtoto alizaliwa masika, wa kiume, mzima, mwenye sauti. Kwa kawaida dada angemwita mama yetu aje kumwangalia mzazi, na mama alikuwa tayari amefunga mzigo. Badala yake, dada alimtuma shemeji Mbingu akamlete mama yake. Bibi Filomena alikuja, akaingia jikoni kwetu bila kuvua kilemba, akaanza kwa kulaumu jinsi tulivyopanga masufuria. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimekaa kitandani kwa dada, tunabishania jina la mtoto, alipoingia na kikombe cha uji wa mchele wenye pilipili manga. Alimpa dada mkononi, akasimama mlangoni. Dada alikuwa katikati ya kuniambia kwamba jina nililolichagua ni la kizee. Alipokea kikombe, akanywa, akaendelea kunisema, akanywa tena, na alipokwisha alikinyoosha nyuma bila kutazama, akaomba kingine.